Nani ana nini, na kwa nini: mwongozo wa utafiti mdogo wa kijamii katika shehia ya Pemba

Mwanafunzi akipewa kazi ya "kutafiti umasikini", kitu cha kwanza anachokimbilia ni hojaji. Anaandika maswali arobaini usiku mmoja, anayachapisha, kisha anaanza kujiuliza atamuuliza nani. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio mwingine, na hojaji ndani yake inakuja imechelewa. Tutafuata utafiti mmoja wa mfano tangu swali hadi jedwali: wanawake wanaolima mwani katika shehia moja ya pwani (shehia ni eneo dogo kabisa la utawala Zanzibar, chini ya sheha), Wilaya ya Micheweni. Ni kazi ya mtu mmoja hadi watatu wenye nauli, madaftari na miezi michache. Anayetaka kutafiti wachumaji wa karafuu, wauza samaki wa Tumbe au wapangaji wa Ng'ambo, mjini Unguja, atabadilisha mifano tu.

1. Jua unatafuta nini

Watu wawili kuwa na mali tofauti si habari. Huyu ana kamba mia za mwani na jirani yake thelathini, pengine kwa sababu wa pili anashona na hana haja ya kushinda baharini. Sosholojia inaingia pale tofauti inapokuwa na mpangilio: kila unapogeuka wanaokosa ni watu wa aina ileile, na kukosa kwao kunashikiliwa na desturi, sheria, soko au urithi. Hiyo ndiyo tunayoiita ukosefu wa usawa wa kijamii.

Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, alitenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: mali, hadhi na mamlaka. Kwetu visiwani mgawo huu unafaa sana. Mwalimu wa chuo cha Kurani anaweza kuwa anaishi chini ya makuti, na bado kwenye kila hitima akawekwa mbele. Mnunuzi wa mwani ana fedha, lakini akiwa mgeni neno lake halina uzito barazani. Sheha ana mamlaka ambayo hayalingani na mfuko wake. Kwa hiyo kabla ya kuandika "masikini" kwenye daftari, amua unapima lipi kati ya hayo matatu. Ukiyapima yote kwa swali moja, hujapima hata moja.

2. Finya swali

"Umasikini wa wanawake Pemba" ni jina la kitabu, si swali. Swali la utafiti linataja watu gani, kitu gani na wapi, na linaweza kujibiwa kwa nguvu ulizonazo.

Soma kwanza kilichopo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2019/20 ulionesha kuwa asilimia 25.7 ya Wazanzibari walikuwa chini ya mstari wa umasikini wa mahitaji ya msingi, kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15. Ni namba nzuri kuianzia, ila ni ya Zanzibar nzima. Haikwambii chochote kuhusu pengo kati ya mke na mume wanaolala nyumba moja.

Kisha soma historia ya kitu chenyewe. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, na baadaye ukaenea hadi Pemba. Wakulima wengi tangu mwanzo ni wanawake. Kuna aina mbili kuu, spinosumu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini haistahamili maji ya moto, na maji madogo ya karibu na ufukwe yamekuwa yakipata joto. Maji ya kina yana nafuu, ila kuyafikia kunataka chombo na kunataka mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani yetu hawakufundishwa kuogelea.

Hapo swali limekwishajitokeza lenyewe: katika shehia hii, nani anafika maji ya kina, nani anabaki maji madogo, na kinachoamua ni nini? Joto la bahari ni jambo la maumbile. Nani linamuumiza zaidi ni jambo la jamii.

Andika pia nadharia tete, yaani jibu la kubahatisha ambalo ushahidi unaweza kulikataa. Kwa mfano: "Mwanamke ambaye kaya yake inamiliki chombo atavuna kotonii zaidi ya mwanamke ambaye kaya yake haina." Sentensi kama "wanawake wanakabiliwa na changamoto nyingi" haiwezi kukataliwa na ushahidi wowote. Kwa hiyo haina kazi hapa, hata ikipendeza kwenye ripoti.

3. Geuza dhana ziwe vipimo

Kaa kwenye hatua hii kuliko nyingine yoyote. Tafiti nyingi za wanafunzi huzama hapa, na mzamaji hajui mpaka siku ya kuandika.

Chukua "mali". Ukiuliza "una ardhi?" utapata jibu lisilo na maana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi iliwekwa chini ya serikali na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Tena kwetu mtu anaweza kuwa na miti bila ya kuwa na ardhi iliyo chini yake: mikarafuu ya huyu, kiwanja cha yule. Kuna wakfu, kuna shamba la ukoo ambalo halijagawiwa, na kuna fungu la mirathi ambalo mwanamke ameandikiwa lakini kaka yake ndiye anayechuma. Kwa hiyo kipimo kiwe maswali kadhaa mafupi: una mikarafuu mingapi unayochuma wewe? Minazi mingapi? Msimu uliopita fedha ya mavuno iliingia mkononi mwa nani? Swali la mwisho linafichua mengi kuliko yote yaliyotangulia.

Chukua "kipato". Mkulima wa mwani hana mshahara wa mwezi; mwani huchukua kama wiki sita tangu kufungwa hadi kuvunwa, na fedha huja mnunuzi anapokuja. Ukimuuliza kipato cha mwezi atakutajia namba ya kukuridhisha. Muulize mauzo ya mwisho: lini, kilo ngapi, za aina gani, na zilikuwa mbichi au kavu. Usisahau hilo la mwisho, kwa sababu uzito hushuka mara kadhaa mwani ukikauka, na mtu aliyeandika kilo za mbichi na za kavu katika safu moja ameharibu safu yote. Ulizia pia fedha zinazoingia bila jasho la msimu: za watoto walio mjini au Oman, na pensheni jamii ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, iliyoanza kutolewa Zanzibar mwaka 2016. Katika nyumba masikini bibi mwenye pensheni ndiye mara nyingine mwenye fedha ya uhakika.

Chukua "kaya". Kwenye sensa kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Sawa, lakini mume mwenye wake wawili katika shehia mbili ni wa kaya gani? Kijana aliyekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, miezi mitatu yumo au hayumo? Andika kanuni yako kabla ya kuingia nyumba ya kwanza, na usiibadilishe nyumba ya ishirini.

La mwisho katika hatua hii ni makundi. Makundi tunayowaandikia watu si mambo ya maumbile. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931 idadi ya watu wa Zanzibar waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka mno. Hawakuwa wamekufa wala kuhama. Walichagua jina jingine, kwa kuwa jina lilikuwa na faida na hasara zake mbele ya serikali ya kikoloni. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, mgao wa chakula nao ukafuata makundi hayo ya kwenye karatasi. Sensa za leo haziulizi kabila. Nawe usiulize asili ya mtu eti kwa kuwa safu ya jedwali imebaki tupu. Kama swali lako halihitaji jibu hilo, halina haki ya kuulizwa, na kwetu lina majeraha yake.

Kipimo kizuri kinajulikana kwa mambo mawili: uhalali, yaani kinapima kile ulichodai unapima, na uthabiti, yaani ukikirudia kesho kwa mtu yuleyule kinatoa jibu lilelile. Mizani ya mnunuzi iliyochezewa ina uthabiti kamili: kila siku inapunja kwa kiasi kilekile. Uhalali haina.

4. Vibali na hodi

Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali vya utafiti, mbali na wa Tanzania Bara. Kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) pekee hakikutoshi. Anzia Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na kama utafiti unagusa afya kuna kamati yake ya maadili. Mwanafunzi apate barua ya chuo mapema. Kutoka hapo unashuka wilayani, kisha kwa sheha.

Sheha ni mlango, na bila ya yeye huingii. Lakini sheha ni mtu wa serikali, na watu wanajua hivyo. Akikaa nawe ukumbini wakati unamuuliza mtu kuhusu fedha, umepata majibu yaliyosemwa mbele ya sheha. Mshukuru, mwombe akutambulishe msikitini au kwenye kikundi cha wanawake, kisha muage. Na mwaka wa uchaguzi ukikaribia, ahirisha. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba na orodha ya majina wakati huo hataaminiwa hata aape.

Ridhaa iombwe kwa maneno ya kawaida: wewe ni nani, umetoka chuo gani, utauliza nini, itachukua muda gani, jina halitaandikwa, na anaweza kukataa au kuacha katikati bila kuudhika mtu. Halafu sema wazi kwamba huandikishi kaya za TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya masikini. Usipolisema hilo, nusu ya nyumba zitakuficha mbuzi kwa kutumaini kuingizwa kwenye orodha, na huwezi kuwalaumu.

5. Chagua watu, na chagua siku

Huwezi kumuuliza kila mtu, kwa hiyo unachukua sampuli. Sampuli nzuri haihesabiwi ukubwa tu; sharti kila mlengwa awe na nafasi ya kuchaguliwa. Ukienda ufukweni ukawauliza uliowakuta, umewatafiti wanaopatikana ufukweni saa ile.

Njia rahisi ni ya kuruka kwa mpango. Tuseme shehia ina kaya 320 na unataka 80. Gawanya 320 kwa 80, unapata 4. Andika 1 hadi 4 kwenye vikaratasi, okota kimoja. Ukipata 3 anzia kaya ya tatu, kisha ya saba, ya kumi na moja, na kuendelea. Orodha ya sheha iwe mwanzo tu. Tembea mwenyewe na mtu anayeijua mitaa, mhesabu nyumba, maana wapangaji, wajane waliorudi kwa wazazi na wageni wa dago huwa hawamo. Hao ndio mara nyingi walio chini kabisa, na orodha isiyowataja inafanya shehia ionekane iko sawa zaidi kuliko ilivyo. Nyumba ikifungwa, rudi. Kuhamia nyumba ya jirani kwa kuwa mlango uko wazi kunavunja mpango wote.

Idadi? Kwa makadirio ya haraka, ukiuliza watu 100 waliochaguliwa kwa bahati, asilimia utakazopata zinaweza kupishana na ukweli kwa pointi 10 hivi juu au chini. Kwa 400, pointi 5. Kupunguza kosa kwa nusu kunataka watu mara nne. Ndiyo maana mtafiti mwenye nauli ya daladala tu asijivunie tofauti ya asilimia tatu.

Sasa siku. Wanawake wa mwani hufanya kazi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, mwezi ukiandama na ukipevuka. Siku hizo nyumbani utawakuta wasiolima. Hojaji fanya maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi sana. Kushuhudia kazi fanya bamvua. Epuka Ramadhani kwa maswali ya chakula, na msimu wa karafuu kwa maswali ya fedha, au ukubali kwamba majibu yako ni ya msimu huo peke yake. Wanaume walioko dago wapangie siku watakaporudi, la sivyo utafiti wako utakuwa na wanaume wazee na wagonjwa tu.

6. Njia: hesabu, masikio na macho

Mwaka 1899 W.E.B. Du Bois alichapisha utafiti wake wa Wamarekani Weusi wa Philadelphia. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba katika Wadi ya Saba ya mji huo akiwa na maswali yake, akakaa miongoni mwa watu, akachora ramani ya mitaa na kusoma kumbukumbu za zamani. Mchanganyiko huo bado ndio bora. Hojaji inakwambia ni wangapi. Mahojiano marefu yanakwambia vipi. Kushuhudia kunakwambia kile ambacho watu hawasemi kwa kuwa hawakioni tena.

Kwa utafiti wetu: hojaji fupi kwa wanawake 80, mahojiano ya kina na kumi au kumi na wawili waliochaguliwa makusudi (mjane, mwenye chombo, aliyeacha mwani, mnunuzi), na siku chache za kwenda chini pwani. Huko andika nani anabeba vigingi, nani anafunga kamba, nani anavuta kiroba, nani anasimama kwenye mizani. Majadiliano ya kikundi yanafaa kwa mambo ya wote, kama bei na mabadiliko ya bahari. Kwa mambo ya ndani ya nyumba hayafai hata kidogo, kwa sababu hakuna atakayesema mbele ya shemeji yake kwamba fedha ya mwani inachukuliwa na mume.

Mwanamke aulizwe na mwanamke, pasipo mume kusikiliza. Mume akisema "niulize mimi, ni mamoja", muulize kweli, kwa hojaji ya pili. Kisha linganisha. Pengo kati ya majibu mawili ya nyumba moja ni matokeo, usilifute kwa kuchagua jibu "sahihi".

Maswali yenyewe yawe mafupi, jambo moja kila swali, mepesi mwanzo na ya fedha mwisho. Yasomwe kwa sauti mbele ya watu wa shehia jirani kabla ya kazi, pale msikilizaji anaposema "ati?" swali lina kasoro. Muulizaji wa kutoka mjini afuatane na mtu wa hapo, maana Kipemba cha Micheweni kinamwacha nyuma mgeni pale mazungumzo yanapokolea.

7. Hesabu

Chukua mfano huu wa kubuni. Wanawake kumi wameuza kilo hizi za mwani mkavu: 40, 45, 50, 50, 60, 60, 70, 75, 80, 470. Jumla ni 1,000, wastani ni 100. Ukiandika "mkulima wa shehia hii huuza wastani wa kilo 100" umesema kweli ya hesabu, na bado wanawake tisa kati ya kumi wako chini yake. Namba ya kati, inayogawa orodha nusu kwa nusu, ni 60. Toa zote mbili kila mara. Zikiachana sana, pana mtu juu anayevuta wastani.

Pengo lote kwa namba moja huoneshwa na kipimo cha Gini, ambacho ni 0 watu wakiwa sawa kabisa na hukaribia 1 mtu mmoja akichukua kila kitu. Kinafanyika hata kwa kikokotozi cha simu. Panga kiasi kutoka kidogo hadi kikubwa. Zidisha kila kimoja kwa nafasi yake: 40 mara 1, 45 mara 2, 50 mara 3, mpaka 470 mara 10. Jumlisha, utapata 7,650. Zidisha kwa mbili: 15,300. Gawanya kwa idadi ya watu mara jumla ya kilo, yaani 10,000: 1.53. Toa idadi ya watu ukiiongeza moja kisha ukaigawa kwa idadi yao, yaani 11 kwa 10, ambayo ni 1.1. Inabaki 0.43.

Sasa mwondoe yule wa kilo 470 urudie kwa watu tisa. Gini inaanguka hadi karibu 0.13. Mtu mmoja! Na huyo ndiye ambaye pengine hukumkuta nyumbani, kwa sababu ameajiri wengine wamlimie na yeye yuko Wete kwa shughuli zake. Nyumba iliyofungwa uliyoiruka kwa uvivu katika hatua ya tano inakurudia hapa.

Baada ya hapo gawa jedwali kwa swali lako: wenye chombo na wasio nacho, kotonii na spinosumu. Kisha ndani ya kila kundi gawa tena, mjane na mwenye mume.

8. Sababu

Tuseme wenye chombo wanavuna zaidi. Je, chombo ndicho sababu? Huenda wana mikono mingi nyumbani, na mikono hiyohiyo ndiyo iliyonunua chombo na ndiyo inayofunga kamba. Jaribu kulinganisha kaya zenye idadi sawa ya watu wazima: zile zenye chombo bado ziko mbele? Huenda pia mambo yamekwenda kinyume, mwani mzuri wa miaka ya nyuma ndio ulionunua chombo. Muulize mwenyewe kipi kilitangulia. Mahojiano ya kina hulipa gharama zake hapa, kwa kuwa mtu akisimulia mwaka kwa mwaka, mpangilio wa matukio unajitokeza bila wewe kuulazimisha.

Kama nadharia tete yako imekataliwa, iandike imekataliwa. Msimamizi mwenye akili hatakupunguzia alama.

9. Kuandika na kurudisha

Ripoti ieleze ulivyofanya kwa undani kiasi kwamba mtu mwingine aweze kurudia Makangale au Maziwang'ombe. Taja nani hukuwapata na kwa nini.

Rudi shehiani na matokeo kabla ya kuyakabidhi chuoni. Ukurasa mmoja, usomwe kwa sauti kwenye kikundi cha wanawake, siku ya maji mafu. Watakusahihisha, na masahihisho yao ni data, yaandike.

Kuhusu majina, kuyafuta hakutoshi. Ukiandika "mjane wa miaka 52, mnunuzi, mwenye dau mbili", shehia nzima imekwishamjua kabla ya kufika nukta. Badilisha umri uwe kundi la miaka, ondoa kinachomtambulisha, na jedwali lolote lenye kisanduku cha watu wachache kuliko watano unganisha na cha jirani yake. Karatasi zenye majina na namba za nyumba zifungiwe mbali na hojaji, na zichomwe kazi ikishapokelewa.